Hakuitwa

Siku Bella aliporudi kutoka hospitali mara ya tatu bila kuonwa na daktari, hakukaa chini. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akivuta pumzi fupi fupi, na mkono wa pili ukiwa umeshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Dada yake mkubwa, Védastine, ambaye yeye alimwita Yaya, alikuwa mezani na kompyuta ya kazini, kwa sababu siku za Alhamisi aliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Baba yao, Mzee Sibomana, alikuwa uani akichambua maharage aliyoyatoa kijijini Nkungu, ya kuwauzia wanawake wanaovuka daraja kwenda sokoni Bukavu.

"Bamekuona?" Védastine aliuliza.

"Hapana."

"Tena?"

"Tena, Yaya. Bameita majina yote mpaka bakafunga mulango. Yangu haikutoka."

Védastine hakumtazama mdogo wake. Aliigeuza kompyuta ili Bella aone mstari wa kijani uliotambaa kutoka upande mmoja wa kioo hadi wa pili.

"Angalia mwenyewe. Tangu asubui site iko muzuri. Hata dakika moja haijaanguka."

"Mi sikusema site imeanguka," Bella alijibu. "Nimesema habakuniita."

Hapo ndipo alipoiweka ile karatasi mezani, juu ya kibodi, akaenda chumbani kujilaza bila kuvua viatu.

Lazima tueleze ule mstari wa kijani ulikuwa nini, maana ndio uliokuwa ukiaminiwa katika nyumba ile kuliko mtu mwenye damu na mapafu. Védastine alifanya kazi katika kampuni ndogo ya watu watano, ghorofani juu ya duka la misumari na rangi hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Walikuwa na tovuti ambayo wagonjwa walipitia kuomba siku ya kuonana na madaktari bingwa wanaotoka Kigali. Zamani watu walilala kwenye baraza la hospitali ili wawahi. Sasa mtu alichukua simu, akaandika namba ya kitambulisho, jina likaja lenyewe, akachagua daktari, akabonyeza, akapata ujumbe wa siku na saa.

Kazi ya Védastine ilikuwa kuhakikisha tovuti hiyo haizimiki wala haijikokoti. Kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kukaa kubonyeza kitufe kile kile mchana na usiku, alitengeneza roboti. Isidhaniwe kuwa lilikuwa na mikono. Lilikuwa ni kivinjari kinachojifungua chenyewe ndani ya mashine ya mbali, kila dakika kumi, kinaingia kwenye tovuti kama mgonjwa, kinaandika jina, kinachagua daktari, kinabonyeza, kinasubiri jibu na kuandika sekunde zilizopita. Chini ya sekunde tatu, kijani. Zaidi ya hapo, njano. Likikosa jibu kabisa, nyekundu, na simu ya Védastine inapiga kelele hata akiwa kanisani. Aliipenda kazi hiyo, na aliifanya vizuri. Mwaka mzima hakuna aliyemlaumu.

Lakini mgonjwa wa uongo naye anahitaji jina. Wiki za mwanzo roboti lilijiita Test, na hakuna aliyekumbuka kuliondoa kwenye orodha iliyotumwa hospitali. Asubuhi moja nesi mmoja, Mukansanga, mwanamke asiyependa mchezo, alisimama ukumbini mbele ya watu wote akaita "Test! Test! Test!" mara kumi na moja, mpaka mzee mmoja akainuka akasema kama huyo Test hayupo, basi yeye yuko tayari kubatizwa upya. Watu walicheka. Mukansanga hakucheka. Alipiga simu ofisini, akamfokea bosi wao Ladislas mpaka masikio yakamuuma.

"Tafuta jina mutu yeyote wa hii inchi hawezi kuwa nayo," Ladislas alimwambia Védastine siku hiyo. "Na kila alfajiri, mbele orodha iende, ufagie yote iko na ile jina."

Védastine hakuchukua hata dakika tatu kufikiri. Kinyarwanda hakikufaa, kwa sababu Mnyarwanda anaweza kuitwa sentensi nzima, na huwezi kujua kesho nani atakuja na ipi. Kifaransa kilijaa majina ya ubatizo. Akachukua Kiswahili, lugha waliyotoka nayo Kongo, ambayo nyumbani walizungumza na baba na sokoni wakazungumza na wenye maduka kina Hamdani. Roboti likawa JARIBU1, likawa JARIBU2, mpaka JARIBU6. Na fagio lake, yaani ile mistari michache ya amri, akaliambia hivi: jina lolote lenye herufi hizo ndani yake, toa.

"Munyarwanda gani anaitwa Jaribu?" Ladislas aliuliza akicheka.

"Hakuna," alisema Védastine, akacheka naye.

*

Bella alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani katika duka la Hamdani. Utotoni aliumwa koo mara nyingi, likaponywa kwa chai ya tangawizi kama koo la kila mtoto, kumbe ugonjwa ulishuka ukakaa moyoni. Mwezi wa pili alianguka juu ya cherehani. Kituo cha afya kikasikia sauti mbaya kifuani, kikamwandikia karatasi: aonwe na bingwa wa moyo. Bingwa huyo alikuja Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na ndiye aliyekuwa anateua watakaopasuliwa Kigali mwezi wa sita, timu ya upasuaji inapokuja mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo Bella alikuwa na Alhamisi tatu tu: mwezi wa tatu, wa nne na wa tano.

Ya mwezi wa tatu alikaa ukumbini siku nzima, hakuitwa. Alipomwendea Mukansanga, aliambiwa daktari anaona watu thelathini walioko kwenye orodha, asiyekuwemo aombe upya. Akaomba upya. Ujumbe ukaja upesi, sekunde mbili hazikufika.

Ya mwezi wa nne alirudi jioni amejifunga kitenge kipya kabisa. Védastine alikitazama kile kitenge, cha aina inayouzwa Bukavu, akatazama mstari wake wa kijani, akafanya hesabu iliyokuwa rahisi kuliko zote.

"Bella, hii randevu yako ya daktari iko hospitali ao iko Bukavu?"

"Yaya, unasema nini?"

"Nauliza tu. Mashini inasema uliandikwa. Ujumbe ulipata. Sasa hospitali bakufiche juu ya nini? Na kile kitenge kinatoka wapi?"

"Kiliyente mumoja wa duka, wa Bukavu, alinipatia juu ya robe nilimushonea. Uliza Hamdani."

"Nitauliza Hamdani mambo ya mwanaume wako?"

Mzee Sibomana aliinua kichwa kutoka kwenye sahani. Hakuwa mtu wa kelele, na ndiyo maana neno lake liliuma zaidi. "Mwanangu, na ugonjwa habachezake nayo," alisema. Bella aliinuka mezani. Alikunja kile kitenge akakiweka chini ya godoro, na hakukivaa siku nyingine yoyote.

Mwezi wa tano ulipofika, Védastine alimpa sharti. Arudi na karatasi iliyosainiwa na kupigwa muhuri, inayosema alikuwa hospitali tangu saa ngapi mpaka saa ngapi. Binti wa miaka ishirini na minne, mwenye miguu iliyoanza kuvimba, akaambiwa alete cheti kama mtoto wa shule aliyetoroka darasani. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Yaya."

*

Védastine aliikunjua ile karatasi baada ya kusikia kitanda kikilia chumbani. Haikuwa na muhuri. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari, na mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu asiyeandika mara kwa mara.

*Mimi Twagirayezu mulinzi wa mulango wa hospitali nashuhudia huyu dada alifika saa moja ya asubui akatoka saa tisa. Enfirmie Mukansanga amekatala kuandika juu hajaonwa. Alikaa tu. Hakuitwa. Muhuri sina. Telefone yangu ni hii.*

Aliisoma mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo angeweza kulifanya miezi miwili nyuma, kama angelikuwa ametaka. Alifungua mahali maombi yanapohifadhiwa, akatafuta kwa namba ya kitambulisho cha Bella. Ombi lilikuwepo. Akafungua orodha iliyotumwa hospitali alfajiri ile. Halikuwepo. Kati ya hapa na pale hapakuwa na kitu kingine ila fagio lake mwenyewe.

Takataka zilizofagiwa zilikuwa zinawekwa kwenye faili moja ambalo hakuwahi kulifungua, kwani nani hufungua takataka? Zilikuwa mistari elfu na elfu. JARIBU3, JARIBU4, JARIBU5, JARIBU6. Akaandika namba ya kitambulisho, akabonyeza. Mistari mitatu ikajitokeza, wa mwezi wa tatu, wa mwezi wa nne, na wa asubuhi ile.

MAJARIBU Bella.

Hakuna aliyemwita hivyo tangu mama yao alipokuwa hai. Alizaliwa Kongo, mwaka nyumba yao ilipochomwa na vita, mama amekaa na uchungu siku tatu chini ya turubai la watu, na baba akampa jina la hali waliyokuwa nayo, kama wazazi wengi wa kule walivyowapa watoto majina ya Mateso, Machozi na Shida. Waliporudi Rwanda, wenzake shuleni walilifanya wimbo. Akajichagulia jina la ubatizo, Bella, akang'ang'ana mpaka nyumba nzima ikazoea. Lakini kitambulisho hakizoei. Kila alipokitoa alilifunika lile jina la kwanza kwa kidole gumba, na Védastine alikuwa amekiona kidole hicho mara mia.

Alirekebisha fagio, lisiondoe tena ila yale majina sita kamili. Kisha akamwombea Bella nafasi upya, Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa sita, ili aone kama jina litapita. Likapita. Kijani. Ndipo akalia.

*

"Ni jina yako," alimwambia Bella akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Nilikuwa na roboti inaitwa Jaribu. Niliambia mashini itupe kila Jaribu. Na weye uko Majaribu. Ilikutupa, Bella. Mara tatu. Ni mi nilikutupa."

Bella alijiinua kwa kiwiko. Halafu, Mungu amrehemu, akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na Védastine akamshika mgongo mpaka kikatulia.

"Nilisemaka," alisema Bella akishapata pumzi. "Tangu primaire nilisemaka ile jina haina kazi."

"Nisamehe."

"Nimesamehe. Sasa nivue viatu, Yaya, miguu inauma."

Viatu vilikataa kutoka. Ilibidi avichane kwa mkasi wa Bella mwenyewe, ule wa kazi. Alipoinua macho, Mzee Sibomana alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, na ilikuwa wazi amesikia kila kitu.

"Ile jina ni mi niliipana," alisema.

"Papa, jina haikukosea. Ni mi nilikosea."

"Mama yenu alikatala. Alisema tumwite Mapendo. Mi nikasema hapana."

"Papa, acha."

Hakuacha. Alisema hivyo hivyo jioni ile, akasema kesho yake, na kila alipokuwa akisema, Védastine alitamani baba angemfokea yeye, angemfukuza nyumbani, angempiga hata kofi. Mzee alijitwika mzigo usio wake, na binti hakuweza kumtua.

*

Ijumaa Védastine alipanda kwa Ladislas. Alimweleza yote akiwa amesimama. Ladislas alishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa gari lake mwenyewe liwapeleke Kigali, akapiga simu kwa aliowajua ili karatasi ya uhamisho itoke siku ile ile. Kisha akafunga mlango.

"Sasa ripoti. Lazima tuandike ripoti. Andika: enregistrement moja iliathirika."

"Moja nini?"

"Enregistrement, ombi moja kwa mashini. Védastine, usiweke jina. Ni mutu mumoja kati ya elfu kumi na ine. Hata pourcentage haina."

"Ni mudogo wangu."

"Najua. Pole sana. Njo maana nasema usiweke jina."

Aliandika alivyoambiwa. Hilo nalo atalijibu siku yake. Mstari wa kijani uliendelea kutambaa kwenye ukuta wa ofisi, juu ya kichwa cha Ladislas, sekunde moja nukta tisa, sekunde mbili.

Kigali daktari alikuwa kijana mpole. Aliipitisha mashine kifuani mwa Bella, akaikodolea macho, kisha akamwita Védastine nje, kwenye korido. Milango miwili ya moyo ilikuwa imeharibika, moyo umetanuka, maji yamejaa mapafuni. Hawezi kupasuliwa katika hali ile. Wangejaribu kwanza kupunguza maji.

"Kwa nini mlimchelewesha?" aliuliza bila ukali. "Mwezi wa tatu angeingia kwenye orodha yetu moja kwa moja."

Védastine alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya kitaalamu ya kueleza jambo hilo, mengi tu, kwa lugha tatu. Alisema, "Tulifikiri anatudanganya."

Siku ya tisa ya kulazwa, kabla ya saa sita mchana, Bella aliomba aletewe kile kitenge cha Bukavu. Kilikuwa Kamembe, chini ya godoro, mwendo wa saa sita kwa gari. Védastine alimpigia baba, na Mzee Sibomana akampa dereva wa basi la mchana. Kilifika jioni. Mwili wake waliusafirisha umefungwa ndani ya kitenge hicho.

*

Msiba ulijaza ua. Kina Hamdani walileta viti na sufuria, wanawake wa darajani walileta unga, Ladislas alileta makreti ya soda akakaa nyuma kabisa. Kwenye msalaba waliandika Bella peke yake. Mzee Sibomana ndiye aliyeamua hivyo, na fundi alipouliza jina la kwanza, alisema hana jingine.

Siku kumi na tano baadaye, Jumatano, simu ya marehemu iliyokuwa juu ya kabati ilitoa mlio. Védastine aliichukua. *MAJARIBU Bella, tunakukumbusha miadi yako na daktari wa moyo kesho saa mbili asubuhi. Fika mapema.* Hakuna aliyeiambia mashine. Mkono wake ulikuwa umemwandikisha dada yake mwezi wa tano, na haukuwa umemfuta.

Angeweza kufuta pale pale, ni kubonyeza mara mbili. Alirudisha simu juu ya kabati.

Alhamisi aliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Getini mlinzi mwenye koti la bluu alimsimamisha apekue mfuko, akakuta ndani yake karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Aliutambua mwandiko wake.

"Eh! Uko yake nani, ule dada?"

"Dada yake mukubwa."

"Ilimusaidia, barua yangu? Bakamwita mwisho?"

"Leo bataita, Papa Twagirayezu."

"Asante Mungu," mlinzi alisema kwa furaha ya kweli, akamfungulia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Alipata nafasi mwisho wa benchi, karibu na mwanamke aliyepakata mtoto anayekohoa. Saa mbili Mukansanga alitoka na orodha, miwani ikiwa puani, akaanza kuita. Wagonjwa waliinuka mmoja mmoja, wengine wakishikwa mkono. Védastine alihesabu kichwani bila kutaka. Kumi. Kumi na sita. Kumi na tisa.

"Majaribu!" Mukansanga aliita. "Majaribu Bella!"

Mtu mmoja alicheka kidogo kusikia jina lile, akanyamaza.

"Majaribu Bella! Haiko?"

Védastine aliinuka. Mukansanga alimtazama toka juu hadi chini, akaona mtu mzima mwenye afya, aliyevaa viatu vya ofisini.

"Ni weye mugonjwa?"

"Hapana."

"Mugonjwa iko wapi?"

Watu wote walikuwa wamegeuka wanamtazama, na mtoto wa benchini alikuwa ameacha kukohoa.

"Nilikuja kusikia tu kama bataita," alisema Védastine.

Mukansanga alirekebisha miwani. Akashusha kalamu, akalipiga jina lile mstari, akaita la ishirini na moja.